Mteja Wangu Mmoja

6 Februari

Mpwa wangu Mkutubi,

Pokea salamu za nyumba nzima, pamoja na za cherehani, ambayo ndiyo pekee humu ndani isiyonijibu mbovu. Sisi wazima. Goti la mkaza mjomba wako limepoa na sasa anapanda ngazi akiimba. Binti yangu amefaulu mitihani na anajisifu mpaka tumemkoma. Mwambie mama yako koti lake nimelibadilisha bitana, na mfukoni nimekuta kibanio cha nywele ambacho dada yangu huyo alinishtaki kwa watu kwamba nimekipoteza mimi.

Utashangaa kuona karatasi. Simu yangu siku hizi inasikika kwa sauti kubwa tu, ukinipigia umewapigia mafundi wote wa karakana. Ujumbe nao siutaki, maana simu ile inashikwa na kila mtu nyumbani. Halafu ina umbea. Nilitafuta jambo dogo mtandaoni, mara moja tu, na tangu siku hiyo inaniletea matangazo ya sidiria. Mkaza mjomba wako ameyaona. Nilimwambia ni mambo ya biashara, akaigeuza simu kifudifudi.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Nina mteja wangu mmoja, mama mmoja mstaarabu, maana siku hizi napokea na makoti ya kike. Nilipokuwa namzungushia futi ya kupimia kifuani, akaruka. Kumbe ana uvimbe nyuma ya chuchu ya kushoto, kama kifungo cha koti kilichoshonewa ndani. Hospitali haendi, anaona haya. Alijaribu kutafuta mtandaoni. Ukurasa mmoja ukamwambia apake unga wa mizizi, mwingine akande kwa kitambaa cha moto, wa tatu ukamtisha mpaka akaizima simu.

Wewe kutafuta ndiyo kazi yako. Mtafutie ukweli. Ila usimwambie mama yako, hii ni siri ya mteja.

Mjomba wako,
Futi

21 Februari

Shikamoo Mjomba Futi,

Barua yako imenikuta maktabani, nikaisomea nyuma ya rafu kama mwanafunzi anayekula darasani. Huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo lakini nguvu za kunigombeza anazo. Kuhusu kibanio, anasema hakumbuki kukushtaki popote. Mimi nimehamishiwa dawati la karibu na dirisha, najiona bosi.

Mjomba, kurasa hizo za mizizi nazijua. Kazi yangu kila siku ni kuwafundisha wanachuo kutafuta, na jambo la kwanza ninalowaambia ni kwamba ile mashine haijui lipi ni kweli. Inakuletea kinachofanana na maneno uliyoandika, na juu kabisa inawaweka waliolipia wawe juu. Mimi matangazo nayaruka. Nashuka chini, naangalia ukurasa ni wa nani: wa hospitali, wa chuo cha udaktari, wa wizara ya afya, au wa mtu tu mwenye chupa ya kuuza. Naangalia umeandikwa lini na daktari gani ameupitia. Halafu naulinganisha na mwingine. Wakikubaliana, hapo ndipo navaa miwani na kusoma.

Lakini nikiandika "uvimbe titini" peke yake nitaletewa kila kitu. Nahitaji habari za mama huyo. Ana umri gani? Ananyonyesha? Hedhi yake bado inakuja? Uvimbe unasogea akiusukuma kwa kidole, au umeganda? Unauma? Muulize vizuri na wala usione haya, wewe umepima vifua maisha yako yote.

Mpwa wako

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimekawia kwa sababu ya suti za harusi moja ambayo bwana harusi wake ananenepa kila akija kujaribisha. Nimeifumua suruali yake mpaka kitambaa kimechoka. Sote wazima, isipokuwa lile goti, limeanza tena na nyimbo zimekoma.

Maswali yako yamenitoa jasho. Mtu mzima kama mimi kuulizia hedhi! Hata hivyo nimejikaza kisabuni nikauliza. Ana miaka thelathini na kitu, weka thelathini na mitano. Hanyonyeshi, mtoto wake ni mkubwa. Ile ya kila mwezi inakuja, nadhani kama ya wenzake. Uvimbe hauumi, ila kitu kigumu kikiugonga, tuseme kile kibati cha mwisho wa futi, hapo anausikia. Kusogea, sijui nikuambieje. Unasogea kidogo. Andika unasogea.

Anaomba usichelewe kujibu. Yaani mimi ndiye naomba, kwa niaba yake.

Futi

24 Machi

Shikamoo Mjomba,

Pole kwa bwana harusi. Mama kikohozi hakijakatika, anakunywa maji ya moto na kukataa kila kingine. Dawati la dirishani nimelijutia, jua linanichoma mgongo hadi mchana.

Swali la mteja wako nimelishughulikia kama mtihani wangu mwenyewe. Nimekuta kurasa tatu nzuri, mbili za hospitali kubwa na moja ya chuo cha udaktari, hakuna hata mmoja unaouza kitu, na zote zinaimba wimbo mmoja. Kwa mwanamke wa umri huo, mwenye hedhi, uvimbe unaosogea mara nyingi si saratani. Matiti hubadilika mwezi unavyokwenda. Kwa hiyo asubiri hedhi ijayo ipite, kisha ajipapase tena. Ukipungua, vizuri. Ukibaki palepale, ukikua, ngozi ikivutwa ndani, au chuchu ikitoa majimaji, asisubiri tena, aende hospitali akapimwe. Huo unga wa mizizi na kukanda kwa moto, aachane navyo.

Mwambie alale usingizi wake. Na mwambie mpwa wa fundi wake akitafuta kitu hakosei.

Mpwa wako, bosi wa dirishani

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Najua nimekaa kimya. Kazi ni nyingi, maji yamenifika shingoni. Binti yangu sasa anataka kusomea urubani, jana ilikuwa uhasibu. Koti la mama yako bado lipo hapa, limetundikwa, linanisimanga kila asubuhi.

Mteja wangu aliifurahia sana barua yako. Aliikunja akaiweka mfukoni, akatembea nayo. Katika yote uliyoandika, lililompendeza zaidi ni kusubiri, basi akasubiri. Sasa anasema kifungo kimekuwa kikubwa na hakisogei tena. Na nguo yake, upande wa ndani, inapata doa dogo kama la chai. Sijui kama hilo nalo ni la kuandika.

Kuhusu hospitali anasema ataenda, ila baada ya msimu wa harusi.

Futi

20 Mei

Shikamoo Mjomba,

Huyo mama aende kesho. Asingoje harusi ya mtu yeyote. Nimeanza na hilo, salamu zitafuata: Mama anaendelea vizuri, mimi mzima.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo, simu ikalia. Alikuwa mkaza mjomba. Aliongea na Mama kwanza, halafu akaomba kuongea na mimi, akanililia. Anasema umebadilika. Unafua mashati yako mwenyewe asubuhi kabla hajaamka. Unalala na fulana umegeukia ukutani. Akikugusa kifuani unaruka. Na kwenye simu, sidiria. Ameshakata kauli kwamba una mwanamke, na anasema kinachomuuma zaidi ni kwamba alidhani mmeshavuka umri wa mambo hayo. Nilimchekea. Nilimwambia Mjomba hana muda wa mwanamke, hata koti la dada yake limemshinda kulituma.

Nilipokata simu nikaichukua tena barua yako nimalizie kuijibu. "Baada ya msimu wa harusi." Mjomba, anayebanwa na msimu wa harusi ni mteja au ni fundi? Na tangu lini unashonea wanawake? Kibao cha mlangoni kwako kinasema suti za kiume, na mimi nimejifunzia kusoma kwenye kibao hicho.

Nimerudi kwenye kompyuta. Nimeandika swali lilelile, nikaongeza neno mwanaume, na nikaweka umri wako mahali pa ule ulionipa. Kurasa zote zimebadilika. Hakuna hedhi ya kusubiri. Hakuna mahali panaposema alale usingizi.

Nasikia aibu ambayo sijawahi kuisikia. Kila siku nasimama mbele ya watu nikiwaambia waulize ukurasa umeandikwa na nani, na mimi sikuuliza swali limetoka kwa nani. Nilikuandikia kwamba mpwa wako hakosei. Nikiikumbuka sentensi ile natamani kuingia chini ya dawati. Umekaa na kitu hicho muda wote huu kwa ushauri wangu, na ushauri wenyewe ulikuwa sahihi, ila haukuwa wako.

Nimekupigia simu, hupokei. Basi nauliza hapa. Mjomba, ni wewe?

Mpwa wako

11 Juni

Mpwa wangu,

Salamu. Huku wazima.

Umenivunjia heshima. Mimi ni mwanaume, nina mke, nina ndevu, nawavalisha mabwana harusi. Titi nimelitoa wapi mimi? Barua yako nimeichana nikaitia kwenye pipa la vipande vya nguo. Ukimgusia mama yako mambo haya, sikanyagi kwenu tena. Yule mteja amehamia kwa fundi mwingine na habari yake imekwisha.

Mjomba wako

Hizo kurasa zilizobadilika, zilisema nini?

19 Juni

Shikamoo Mjomba,

Mama kikohozi kimekwisha, leo amefagia nyumba yote na sehemu ya jirani. Sijamwambia kitu. Mkaza mjomba pia sijamwambia.

Zilisema hivi. Mwanaume naye ana titi, dogo tu, na linaweza kuugua kama la mwanamke. Hutokea kwa nadra, ndiyo maana hukutani nalo kwenye ukurasa wa kwanza. Wengi wanachelewa kwa kutojua, na wengine wanajua lakini wanaona aibu. Si kila uvimbe wa mwanaume ni saratani, kuna unaotokana na homoni, kuna unaoletwa na dawa fulani. Lakini mgumu, usiouma, nyuma ya chuchu, na doa kwenye nguo: kila ukurasa niliouamini ulifika hapo ukaacha kueleza, ukasema nenda ukapimwe sasa. Wanapiga picha, wanachukua kipande kidogo kwa sindano. Sindano wewe si mgeni nayo.

Na mimi naishia hapohapo. Nimetafuta mpaka mwisho, Mjomba, na mwisho wake ni mlango wa daktari. Hakuna ukurasa unaoweza kukupapasa.

Mwambie mkaza mjomba. Anachokifikiria kinamla. Na kama unataka nije nikusindikize, nipigie simu hata ukiwa karakanani na sauti ile kubwa, useme tu "ndiyo." Mafundi hawataelewa. Mimi nitaelewa.

Mpwa wako anayekosea

14 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, pamoja na zile zote nilizokuwa sijaziitikia. Nyumba nzima wazima isipokuwa mimi. Ni mara ya kwanza naandika hivyo, na mkono haujakatika.

Siku ile ulipopokea simu ukasikia cherehani tu, ni mimi niliyepiga. Ile "ndiyo" uliyoniomba ilinikwama, nikakata. Baadaye nikaenda peke yangu.

Walinielekeza kwenye korido yenye kibao Kliniki ya Matiti. Benchi lote wanawake. Nikakaa mwisho kabisa, na futi ilikuwa bado shingoni, nilisahau kuivua. Mama mmoja akanisogelea kwa upole. "Umemleta mkeo, baba?" Nikasema, "Ndiyo, yuko ndani." Akasema, "Mungu amponye." Nikaitikia amina. Nimeshasema uongo mwingi mwaka huu, lakini ile amina ndiyo inayonirudia.

Halafu nesi akatoka na faili, akaita jina langu, ila mbele yake akaweka "Mama." Hakusimama mtu. Akaita tena. Yule mama akautazama mlango, akanitazama mimi, akaelewa. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikafikiria kuondoka, nikapiga hata hesabu ya kusingizia choo. Nikasimama. Nesi akaangalia faili, akaniangalia, akasema, "Samahani baba, karibu." Hakucheka hata mmoja. Miezi yote nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, kwa hilo la kutochekwa sikuwa nimejiandaa, na machozi yakanitoka pale mlangoni na futi yangu shingoni.

Daktari aliponifungua shati akauliza alama ya moto ni ya nini. Ikabidi niseme. Nilikuwa nakipasha kitambaa kwenye pasi ya kazini na kujikanda, kama ulivyosema ukurasa ule. Wewe ulinikataza Machi, nikaendelea mpaka Juni. Nilikuwa naona afadhali nife na tai shingoni kuliko kufunguliwa vifungo na mtu.

Ni saratani. Mwezi ujao wanaliondoa titi lote, kisha zitafuata dawa. Daktari anasema lipo la kufanya, na anasema ningekuja mapema lingekuwa dogo zaidi. Hakusema kwa ukali, ndiyo maana linaniuma. Wewe usijitwishe. Uliuliza umri, nikakupa wa mtu ambaye hayupo. Mtafutaji gani angepata jibu langu humo?

Mkaza mjomba wako nilimwambia jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akaketi juu ya ndoo, akasema, "Bora ungekuwa na mwanamke." Akarudia tena. Kisha akauliza shati alivue nani, mimi au yeye, na akanifungua vifungo mwenyewe. Akaweka kiganja pale, akakaa hivyo mpaka sufuria ikaungua. Sasa mashati anafua yeye, na amenikataza kuyagusa.

Kuna jambo lingine, na hili ni lako. Daktari aliuliza katika familia nani mwingine aliugua. Nikajibu haraka kwamba hakuna, kama tulivyozoea kujibu. Nikafika mlangoni nikarudi. Bibi yako, mama yetu, nyinyi mmeambiwa alikufa kwa homa. Mimi nilikuwa mdogo, hakuna aliyenieleza kitu, lakini namkumbuka mama yako akivifua vitambaa vya kumfungia bibi yako kifua, na kuvianika chumbani, dirisha limefungwa, si uani, watu wasije wakaviona. Daktari aliposikia hayo akaiweka kalamu chini. Anasema inaweza kutembea katika ukoo, kwa wanawake na kwa wanaume. Kwa hiyo mama yako aende akapimwe, nawe uende, na binti yangu nitampeleka mwenyewe. Mama yako atakataa kusema. Muulize tena. Barua hii msomee yote, hata mahali pa sidiria.

Koti lake limo ndani ya kifurushi hiki. Kibanio nimekirudisha mfukoni.

Sasa nina swali la kunitafutia. Nataka kujua, baada ya upasuaji wa namna hii, mkono wa kushoto unaweza lini kushika kitambaa, maana wa kulia ni wa mkasi tu, wa kushoto ndio unaoongoza mshono. Safari hii andika kama ninavyokuambia: mwanaume, miaka hamsini na minane, fundi wa suti, titi la kushoto. Hana hedhi. Uvimbe haukusogea hata siku ya kwanza. Usibadilishe neno.

Na mwanachuo akichungulia dawatini kwako akauliza unamtafutia nani, mwambie ni mjomba wako.

Futi